Mwenye Nyumba Asiyejua Sukari Ilipo

Ujumbe uliingia Jumanne saa nne asubuhi, Nafuna akiwa amesimama kwenye meza ya ukaguzi, kola ya shati mkononi. Kazi yake katika kile kiwanda cha nguo cha Thika ilikuwa kukagua kola mia sita kwa siku, na kwa miaka kumi na minne kola mbovu zilizompita unaweza kuzihesabu kwa vidole. Siku hiyo zilimpita ngapi, hakuna ajuaye. Benki ilimwarifu kwa lugha ya upole, kama ya kadi ya harusi, kwamba mtu wake angefika Jumamosi saa nne kuikagua nyumba ya Murera, na kwamba mwenye nyumba alikuwa anaombwa awepo.

Alisoma mara tatu. Nyumba ile ilikuwa ya mkopo wa benki, na alikuwa na miezi minane hajalala humo. Aliyelala humo ni mwanamke aitwaye Nyawira, pamoja na mumewe na watoto wao wawili, nao walimlipa Nafuna kodi kila mwezi. Mkataba wake na benki ulikataza jambo hilo.

"Aoko," alimwita mwenzake wa meza ya pili. "Wamejua."

"Nani amejua nini?"

"Benki. Wanakuja kwa nyumba Saturday."

Aoko ndiye aliyemshauri hapo mwanzo. Alimwambia benki haina macho, ina mdomo tu, na ukiilisha kila mwezi haiulizi kitu. Sasa aliinamia kola zake kana kwamba ameona uzi wa dhahabu.

"Kwani mimi ndiyo nilikuambia uweke tenant?" aliuliza.

Washauri wa aina hiyo tunao wengi. Mambo yakiharibika, huwa na kazi nyingi.

Ili umwelewe Nafuna, lazima ujue kwamba aliogopa karatasi. Hakuwa mwoga wa vitu vingine. Aliwahi kumfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, na baba Lenny, dereva wa lori la Malaba, aliposafiri safari moja asirudi, si kwa ajali bali kwa mwanamke mwingine, Nafuna alimlea mwanawe Lenny peke yake bila kumpigia mtu magoti. Lakini karatasi yenye muhuri ilimtoa kijasho. Hofu hiyo aliitoa kwao, Bungoma. Baba yake alikuwa na shamba la miwa, akachukua mkopo wa kulimia na wa mbolea, mvua ikakataa. Siku moja mchana, Nafuna akiwa na miaka tisa, madalali walikuja na lori. Walichukua ng'ombe wawili, baiskeli, cherehani ya mama yake, na mwishowe wakaung'oa mlango wa mbele. Usiku ule walilala wameegemeza meza mahali pa mlango. Tangu hapo Nafuna akiona lori limesimama karibu na nyumba ya watu, lazima aangalie linabeba nini.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo akichukua mkopo wa nyumba wa miaka kumi na mitano. Alifanya hivyo kwa sababu alichoka kuhamishwa. Aliweka akiba miaka saba, akapata nyumba ya vyumba vitatu Murera, mabati mekundu, tanki la maji nyuma. Siku ya kutia sahihi, karani wa wakili alimsomea mkataba kwa sauti ya mtu mwenye njaa: mkopaji ataishi humo mwenyewe; hatapangisha nyumba bila idhini ya maandishi ya benki; akikiuka, benki inaweza kudai mkopo wote ulipwe kwa mara moja, na isipolipwa, iiuze nyumba. Nafuna alisikia "hatapangisha", akasikia "iiuze". Yaliyokuwa katikati yalimpita. Masikio ya mwoga husikia anayoyaogopa.

Aliishi humo miaka mitatu kwa amani. Kisha figo za mama yake zikagoma. Ilibidi mama aletwe kutoka Bungoma, awe anasafishwa damu Thika mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Udongo mweusi wa Murera ukinyeshewa humvua mtu viatu, na hakuna bodaboda anayekubali kupita. Mara mbili Nafuna alimbeba mama yake mgongoni hadi lami, na mara ya pili walianguka wote wawili. Wiki hiyo hiyo alitafuta chumba kimoja Makongeni, karibu na hospitali, akaipangisha nyumba yake ili mkopo uendelee kulipika. Hakumwambia mtu wa benki. Hakumwambia hata Nyawira kwamba nyumba ina mkopo.

Baada ya ule ujumbe, hofu ilihamia chumba cha Makongeni ikawa mpangaji wa tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Nafuna aliona ung'ongo kila kona. Mtu mwenye faili alipopita getini kwa kiwanda, alijifanya anafunga kamba za viatu. Lori la kuhamisha vyombo liliposimama mtaani, alijificha nyuma ya kibanda cha mama mboga mpaka likaondoka, na kwa aibu akanunua sukuma wiki asiyoihitaji. Jumatano jioni alijikaza, akampigia Nyawira simu.

"Mama Kui, sasa."

"Poa, Mama Lenny. Ni ile bomba? Fundi alisema atakuja kesho."

"Si bomba. Saturday kuna mtu wa benki anakuja hapo. Hiyo nyumba iko na mortgage. Sikukuambia."

Nafuna alisikia sufuria ikichemka upande ule.

"Na sikufaa kuweka tenant," aliendelea haraka, kabla ujasiri haujamwishia. "Ukiulizwa, sema wewe ni bibi ya ndugu yangu. Mmekuja kunitembelea."

"Bibi ya ndugu yako? Mimi na hii Kiswahili yangu ya Gatundu?"

"Ndugu yangu alioa Mkikuyu. Si watu huoana."

"Na wakiuza nyumba, Mama Lenny, mimi na watoto tutaenda wapi? Kui ndiyo ameanza kuzoea hii shule."

Katika siku zile mbili Nafuna alikuwa ameogopa kwa ajili yake mwenyewe, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya Lenny aliye chuoni Kisumu. Haikumjia hata mara moja kwamba kuna mtu mwingine angeweza kuogopa ndani ya nyumba ile.

"Sawa," Nyawira alisema mwishowe. "Nitakuwa bibi ya ndugu yako. Baba Kui atapeleka watoto shamba Theta hiyo siku. Lakini ujue umenitia baridi."

Alhamisi Nafuna alikaa hospitalini kando ya kiti cha mama yake, mashine ikizungusha damu. Kwao mama huitwa Mayi, na Nafuna hakuwahi kumwita jina lingine.

"Mayi, mtu akikuuliza, mimi naishi Murera."

"Nani ataniuliza?"

Ikabidi amweleze. Mama yake alisikiliza macho yakiwa kwenye ile mipira yenye damu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ugonjwa ulikuwa umeyapunguza zaidi.

"Unamkumbuka yule mtu wa mkoba?" aliuliza.

"Mtu gani?"

"Kabla ya wale wa lori. Alitumwa na wenye mkopo. Alikuja mara tatu. Kila akija baba yako anaingia kwenye miwa, na mimi nasimama mlangoni nasema hayupo. Mara ya tatu alinitazama tu, kwa sababu kofia ya baba yako ilikuwa juu ya kiti. Hakusema kitu. Akaenda. Hakurudi yeye tena. Walirudi wale wengine."

"Alikuwa anataka nini?"

"Sijui," mama yake alisema. "Hatukumuuliza."

Nafuna alidhani mama yake anampigia hadithi ili muda upite. Mawazo yake yalikuwa Murera, kwenye kuta. Ukuta wa ukumbini ndio husema nyumba ni ya nani. Mgeni hukaa kwenye kochi, akainua macho, akaona wenyewe wamepangwa juu kwenye fremu. Na juu ya kochi lile walikuwa wamepangwa Nyawira na mumewe Njau siku ya harusi.

Jumamosi alifika saa mbili asubuhi na fremu tatu kwenye mfuko wa gunia: ya Lenny akihitimu shule, yake mwenyewe na sare ya kwaya, na ya baba yake akiwa amevaa kofia yake pana, uso umekunjwa kwa jua. Nyawira alikuwa ameshawashusha Njau na harusi yake. Walifanya kazi bila kuongea sana. Viatu vya Njau viliingia chini ya kitanda, daftari za watoto zikaingia ndani ya kabati, na kalenda ya kanisa la Nyawira ikageuzwa ikatazama ukuta, jambo ambalo Nyawira alilifanya mwenyewe huku akiomba msamaha kwa sauti ya chini. Nafuna alipita chumba hadi chumba akijifunza nyumba yake. Pazia hazikuwa zake. Harufu haikuwa yake. Swichi ya choo ilikuwa imehamishwa.

Mtu wa benki alifika saa nne kamili. Jina lake Munyao, mtu wa makamo, mfupi, viatu vimejaa vumbi la Murera, na begani alining'iniza mkoba. Nafuna aliuona ule mkoba kabla hajamwona mwenyewe.

"Habari ya asubuhi, mama. Wewe ndiyo mwenye nyumba?"

"Ndiyo mimi. Karibu sana. Huyu ni bibi ya ndugu yangu, wamekuja kunisalimia."

"Asante. Sitakaa."

Na kweli hakukaa. Alipiga picha paa, akapiga picha ufa mmoja karibu na dirisha, akagonga ukuta kwa kidole, akachungulia tanki. Nafuna alimfuata nyuma, roho mkononi, akiyajibu maswali kabla hayajaisha. Nyawira alitoka nje akajifanya anafua, maana alisema uso wake haujui kudanganya. Dakika kumi hazikuisha Munyao akawa amerudi getini, ameweka karatasi juu ya boneti ya gari lake, anamnyooshea kalamu.

"Ni hiyo tu, mama. Sahihi hapa, halafu niende. Niko na nyumba ingine Kimbo."

Kama angekuwa mtu wa kwingine, Nafuna angetia sahihi pale pale juu ya boneti, gari lingeondoka, na hadithi hii ingekuwa nyingine, tena mbaya zaidi. Lakini alikuwa binti wa nyumba ambayo hata siku ile ya lori, madalali wakiwa wanang'oa mlango, nyanya yake aliwaletea uji. Kwao mgeni akiondoka mdomo mkavu, ni nyumba iliyoaibika. Kinywa chake kilisema kabla akili haijaamka.

"Huwezi kuandikisha mtu hapo nje kama askari. Ingia unywe chai kwanza."

Munyao aliangalia saa. Akaangalia jua. Akasema, sawa, moja tu.

Jiko la nyumba ile limetazamana na ukumbi, na anayekaa kwenye kochi humwona anayepika toka kichwa hadi miguu. Nafuna alifungua kabati la kwanza akakuta sabuni. Alifungua la pili akakuta sufuria zisizo zake, la tatu unga na maharagwe. Majani ya chai aliyapata kwa kubahatisha, juu ya friji. Moto wa gesi ulikataa kuwaka mara tatu, kisha ukawaka kwa kishindo ukakaribia kumchoma nyusi. Mgongo wake ulikuwa umeloa. Alijua anatazamwa. Maji yalichemka, maziwa yakaingia, chai ikapanda, na sukari haikuonekana popote. Alirudi kwenye kabati la kwanza, la sabuni, akalifungua tena kana kwamba sukari ingekuwa imeingia wakati ameangalia pembeni.

Nyawira aliyaona hayo yote kupitia dirisha, na mikono yake ikamtangulia. Aliingia, akajipangusa maji kwenye sketi, akapita ukumbini mbele ya mgeni, akaingia chumba kikubwa cha kulala, akasikika akifungua kabati la nguo. Alitoka na mkebe wa sukari. Kila mama mwenye watoto Murera, Theta au popote anajua kwamba sukari haikai jikoni. Hufichwa na mwenye chumba, kwenye nguo zake.

Aliufikisha mezani, akauweka, na hapo ndipo alipotambua alichokifanya. Rangi ilimtoka. Munyao alijiwekea vijiko viwili, akakoroga polepole, akanywa.

"Chai ni nzuri," alisema.

Kisha akaisogeza ile karatasi mbele ya Nafuna, akaweka kalamu juu yake. Safari hii Nafuna aliisoma, kwa sababu alikuwa amekaa na hakukuwa na pengine pa kutazama. Ilikuwa mistari minne. Iliandikwa kwamba yeye, mkopaji, anathibitisha anaishi katika nyumba hii mwenyewe, na kwamba hakuna mpangaji ndani yake.

Alishika kalamu. Alitaka kutia sahihi, hilo tusimfichie. Alitaka kutia sahihi, mtu huyu aende Kimbo, aondoke na mkoba wake. Aliinua macho ili apumue, akakutana na baba yake ukutani, na kofia yake.

Kofia juu ya kiti, mama alisema. Alinitazama tu. Hakusema kitu.

Nafuna alimtazama Munyao. Alikuwa anamtazama vilevile, kikombe mkononi, bila kusema kitu.

Aliweka kalamu chini.

"Mimi siishi hapa," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya msichana wa miaka tisa. "Nimekodisha. Huyu si bibi ya ndugu yangu. Ni tenant. Mama yangu ni mgonjwa wa figo, tunaishi Makongeni. Sikujua nimwambie nani. Niliogopa."

Machozi yalimjia, na hakuyazuia. Alingoja Munyao asimame, apige simu, aite lori. Nyawira alikuwa amejishika kwenye mlango wa jiko kwa mikono miwili.

Munyao aliweka kikombe chini, akaichukua ile karatasi isiyotiwa sahihi, akairudisha kwenye mkoba.

"Mama, niliona tangu kabati ya kwanza," alisema. "Ungesign hii, ingekuwa umedanganya kwa maandishi, na hapo mimi singekusaidia. Tena fikiria, nyumba iungue leo. Insurance inajua ni wewe unaishi hapa. Wangekataa kulipa, na loan ingebaki yako."

"Mtauza?"

"Si mimi naamua. Nitaandika chenye nimeona, na nitaandika umesema mwenyewe." Alitafuta ndani ya mkoba. "Lakini kwani hukuandika barua?"

"Barua gani?"

"Ya kuomba ruhusa ya kukodisha. Hata contract yako inasema. Ukurasa mmoja. Unaeleza sababu, unaweka na barua ya hospitali. Wanaweza kataa, siwezi kudanganya. Wanaweza ongeza riba kidogo. Lakini watu wengi wako na sababu kama yako, na wengi hupewa mwaka moja, miwili. Shida ni hawaulizi." Alimpa kadi. "Niletee ndani ya wiki mbili. Isipite hapo."

Akaimaliza chai yake yote, akashukuru, akaenda Kimbo.

Nyawira alikaa kwenye kochi taratibu, kama mtu aliyeshuka kitanda cha hospitali.

"Mama Lenny," alisema, "siku ingine ukitaka kuniua, tumia panga."

"Nisamehe, Mama Kui."

"Bado naogopa."

"Hata mimi."

Walishusha fremu. Njau na harusi yake wakarudi juu, kalenda ya kanisa ikageuzwa. Nafuna alimfunga baba yake kwenye leso, na Nyawira akamtilia kwenye mfuko mkebe mdogo wa sukari, akasema ni wa mgonjwa. Ndivyo Nafuna alivyotoka katika nyumba yake mwenyewe, amefungashiwa kama mgeni.

Makongeni alimkuta mama yake amekaa kitandani, mgongo kwenye mto, hajala. Alikuwa anamngoja.

"Nimesema ukweli, Mayi."

"Wanachukua?"

"Bado hawajasema. Wanataka barua. Nieleze kwa nini nimepangisha, niwaombe ruhusa."

"Barua tu?"

"Barua tu. Ukurasa mmoja. Huyo mtu anasema wengi hupewa, ila hawaulizi."

Mama yake aliipokea ile fremu kutoka kwenye leso, akaiweka mapajani, akapangusa kioo kwa kiganja. Alipangusa mahali pamoja muda mrefu, pale penye kofia.

"Yule wa mkoba alikuja mara tatu," alisema.

Nafuna alichana ukurasa katikati ya daftari la kazini, akakaa chini karibu na miguu ya mama yake, akaanza kuandika. Neno la kwanza ilibidi aliandike mara mbili.